Kabla ya kukata bati: hesabu ya gari la spoti la zamani na sura ya mbio

Na Mwandishi Wetu

DATSUN 240Z moja ya mwaka 1971 iliuzwa Januari 2020 katika mnada wa mtandaoni wa Bring a Trailer, Marekani, kwa dola 310,000. Lilipokuwa jipya, gari la aina hiyo liliuzwa dukani kwa dola zipatazo 3,500. Aliyetoa fedha hizo hakununua injini iliyoongezwa nguvu, wala mafenda mapana, wala rangi za timu ya mbio. Alinunua gari ambalo halikuguswa.

Wakati huohuo, katika gereji za Marekani, Japani, Uingereza na Australia, magari ya aina hiyohiyo yanakatwa, yanashushwa chini, yanapigwa rangi upya na kufungwa pua ndefu ili yafanane na yale yaliyokimbia katika viwanja vya mbio miaka ya 1970. Kazi hiyo ina soko lake. Vifaa vinauzwa, mafundi wanalipwa, na magari yaliyokamilika yanapata wateja.

Mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo anayetamani kuingia katika biashara hii anapaswa kujiuliza swali moja kabla ya mengine yote: fedha inayowekwa katika sura ya mbio, hurudi? Jibu ni kwamba hurudi kwa masharti, na sharti la kwanza ni kujua kitu gani kinaweza kufunguliwa kesho na kitu gani kikishakatwa kimekatwa.

Gari linalofahamika hapa kwetu

Tumechagua 240Z kwa sababu ni gari ambalo wakazi wa Afrika Mashariki walilishuhudia likifanya kazi. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda East African Safari wakiwa katika gari hili, na nafasi ya pili ikachukuliwa na Shekhar Mehta akiwa na 240Z nyingine. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda yeye mwenyewe na 240Z baada ya kulingana kwa pointi na Harry Källström, aliyekuwa akiendesha Datsun ya aina nyingine. Jina la Datsun lilijengwa katika vumbi na matope ya njia hizo.

Gari lilitoka kiwandani Japani mwishoni mwa 1969. Kwao liliitwa Fairlady Z, na katika masoko ya nje likaitwa 240Z. Lina viti viwili, injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja yenye ukubwa wa sentimita za ujazo 2,393, kabureta mbili, breki za diski mbele na za dramu nyuma. Uzito wake ni tani moja na kidogo. Baadaye zilifuata 260Z na 280Z, na familia nzima ilipokoma mwaka 1978 magari zaidi ya nusu milioni yalikuwa yamekwisha kutengenezwa.

Idadi hiyo ni ya kuzingatiwa na mwekezaji. Gari hili halikuwa adimu lilipokuwa jipya. Limekuwa adimu kwa sababu mengi yaliliwa na kutu, mengine yakapata ajali, na mengine yakarekebishwa kiasi cha kutotambulika. Uhaba uliopo ni uhaba wa magari yaliyobaki kamili, na ndio uliolipiwa dola 310,000.

Sura ya mbio ilitoka wapi

Wateja wanaotaka sura ya mbio huwa wanafikiria mojawapo ya magari mawili.

La kwanza ni la timu ya BRE ya California, iliyoongozwa na Peter Brock. 240Z yao namba 46, yenye rangi nyeupe, nyekundu na buluu, iliyoendeshwa na John Morton, ilitwaa ubingwa wa Marekani wa daraja la C la magari ya kiwandani mwaka 1970 na tena 1971. Rangi hizo zimeigwa mara nyingi kuliko mtu anavyoweza kuhesabu. Kwa mfanyabiashara, huu ndio mwigo wa gharama nafuu: ni rangi, kibao cha upepo chini ya bampa ya mbele, rimu pana kidogo na namba mlangoni.

La pili ni 240ZG, lililouzwa Japani tu kuanzia mwishoni mwa 1971. Kiwanda chenyewe kililitengeneza ili vifaa vyake viruhusiwe katika mashindano. Lilikuwa na pua ndefu iliyoongeza urefu wa gari kwa milimita zipatazo 190, pamoja na mafenda ya ziada yaliyofungwa kwa ribiti juu ya mafenda ya kawaida. Pua hiyo na mafenda hayo sasa hutengenezwa kwa faiba na watengenezaji mbalimbali, na mtu yeyote mwenye fedha anaweza kuviagiza.

Tofauti ya miigo hii miwili ndiyo inayobeba hesabu yote ya biashara. Ule wa BRE kwa sehemu kubwa unafunguliwa kwa spana na kufutwa kwa rangi mpya. Ule wa ZG, unapofungwa na magurudumu mapana, unahitaji grainda.

Kinachofunguka na kisichofunguka

Katika 240Z mafenda ya mbele yamefungwa kwa bolti. Fundi akiyafungua na kuyaweka kando yakiwa mazima, anaweza kufunga mengine, akayakata apendavyo, na gari halijapoteza kitu. Siku mteja wa magari kamili akija, yale ya awali yanarudishwa.

Mafenda ya nyuma yamechomelewa na bodi. Ili gurudumu pana liingie, fundi hukata ukingo wa bati, mara nyingi mpaka kwenye tabaka la ndani, kisha hufunika kidonda kwa fenda ya faiba na ribiti. Kuanzia dakika hiyo gari limehama soko. Mnunuzi anayetafuta gari kamili hatalitazama tena, au atalitazama akitoa katika bei gharama ya kuchomelea robo mbili mpya za nyuma na kupiga rangi upande mzima. Anayebaki ni mnunuzi wa gari la kuchezea, na huyo mfuko wake una mpaka.

Kanuni hiyo inaendelea sehemu nyingine za gari. Kabureta tatu badala ya mbili hufungwa kwa bolti, mradi zile mbili za awali zihifadhiwe. Za magari ya miaka ya mwanzo, zenye vifuniko vya mviringo, hutafutwa zaidi kuliko zile bapa zilizofuata mwaka 1973, ambazo zilikuwa na usumbufu wa joto. Aliyezitupa kwenye chuma chakavu ametupa fedha.

Injini kubwa zaidi ya aina ya L28 huingia mahali pa L24 bila kukata kitu. Lakini kibao kilichomo ndani ya boneti kimeandikwa namba ya chesisi pamoja na namba ya injini iliyotoka nalo kiwandani. Injini hiyo ikipotea, kibao hakitalingana tena na gari milele. Kwa hiyo L24, hata ikiwa imekufa, ifungwe vizuri, ipakwe grisi, iwekwe stoo na iuzwe pamoja na gari.

Kizimba cha mabomba ya chuma cha kumlinda dereva kipo cha bolti na cha kuchomelea. Cha kuchomelea ni bora kwa anayekimbia kweli. Kwa anayetaka sura tu, ni hasara mara mbili: kinaondoa mazulia na vifuniko vya ndani, na katika barabara ya kawaida kichwa cha dereva asiyevaa kofia ngumu kinaweza kugonga bomba. Viti na usukani ni rahisi. Vya zamani viwekwe ndani ya plastiki. Dashibodi isitobolewe kwa ajili ya mita za nyongeza. Dashibodi za gari hili hupasuka kwa jua, na iliyobaki nzima ina thamani kubwa peke yake.

Kutu kwanza, sura baadaye

Makosa makubwa katika biashara hii hufanyika siku ya kununua. Kutu ya 240Z hujificha. Huanzia chini ya betri, huingia sakafuni na kwenye reli za chesisi chini ya miguu ya dereva, hula pembe ya chini ya fenda ya mbele nyuma ya gurudumu, kona iliyopo kati ya mlango na gurudumu la nyuma, shimo la tairi la akiba, na mzizi wa kioo cha mbele ambako maji husimama.

Gari lenye sura ya mbio tayari ni la kutiliwa shaka zaidi kuliko gari lililochakaa waziwazi. Mafenda ya faiba hufunika matao yaliyooza. Rangi nene hufunika puti. Mnunuzi achukue sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa na kuipitisha pembeni mwa bodi: pasipo na mvuto hapana bati. Anyanyue mazulia. Alipandishe gari juu, aguse reli kwa bisibisi. Muuzaji anayekataa bisibisi isiguse reli amekwisha kujibu swali.

Mabati ya badala kwa ajili ya sakafu na reli yanapatikana kwa kuagiza, hasa kutoka Marekani. Kinachomaliza fedha ni saa za fundi. Gari hili halina fremu ya pekee chini yake. Bodi yenyewe ndiyo fremu. Reli zikikatwa bila gari kushikiliwa sawasawa, milango haitafunga tena kama ilivyokuwa.

Hesabu ya mfano

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara mmoja. Tarakimu hizi ni za kufikirika, kwa ajili ya kuonyesha uwiano tu. Kila mmoja aweke zake.

Ununuzi wa gari bovu: dola 12,000.
Kutu na kunyoosha bodi: dola 9,000.
Rangi: dola 4,000.
Injini, breki na shokapu: dola 5,000.
Pua, mafenda, rimu, viti na kizimba: dola 6,000.
Usafirishaji na mengineyo: dola 2,000.
Jumla: dola 38,000.

Tazama kwamba sura yenyewe ya mbio ni dola 6,000, yaani chini ya asilimia 16 ya gharama yote. Ni sehemu ndogo, lakini ndiyo inayoamua mteja wa aina gani atapiga simu. Wengi huanza na sehemu hii kwa kuwa inaonekana na inafurahisha, kisha fedha inawaishia wakiwa na pua mpya juu ya sakafu iliyotoboka.

Sasa tuseme gari limeuzwa baada ya miezi 18 kwa dola 42,000. Faida ni dola 4,000, sawa na asilimia 10 na nusu kwa mwaka mmoja na nusu, au asilimia 7 kwa mwaka. Mfanyabiashara hajajilipa kwa muda wake. Likiuzwa dola 35,000, amepoteza 3,000.

Weka mtaji huohuo katika bidhaa ya kawaida inayozunguka kila baada ya miezi mitatu na kuacha asilimia 3 tu. Kila mzunguko ni dola 1,140. Mizunguko sita katika miezi 18 ni dola 6,840. Ni kweli kwamba katika gari fedha huingia kwa awamu, si yote siku ya kwanza, hivyo tofauti si kubwa kama inavyoonekana. Hata hivyo bidhaa ya kawaida ikigoma kuuzika inapunguzwa bei na kuondoka. Gari lenye pua ndefu humsubiri mtu mmoja mwenye ladha hiyohiyo, na linaweza kumsubiri mwaka mzima.

Funzo kutoka kwa kiwanda

Asiyeamini hesabu hii akumbuke yaliyoipata Nissan yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tawi lake la Marekani lilianzisha mpango wa kununua 240Z kuukuu, kuzirudisha katika hali ya upya na kuziuza kupitia kwa mawakala wake kwa dola zipatazo 25,000. Lilikuwa na jina, vipuri na mafundi. Mpango ulifungwa kabla magari hayajafika 50, kwa kuwa kazi ya kila gari ilikuwa kubwa mno kwa bei ile.

Ikiwa mwenye kiwanda alishindwa kupata faida katika gari lake mwenyewe, mwenye gereji ya uani aingie akiwa na tahadhari.

Marekebisho yanapokuwa na jina

Upande wa pili wa mizani nao usemwe. Yapo magari yaliyokatwa na kurekebishwa ambayo leo yanathaminiwa kuliko yale ya kawaida. Uingereza, Spike Anderson alizirekebisha 240Z kwa jina la Samuri, na moja kati ya hizo, iliyopewa jina Big Sam, iliendeshwa na Win Percy katika mbio za mwaka 1974. Gari kama hilo halipotezi thamani kwa kurekebishwa, kwa sababu marekebisho ndiyo historia yake, na historia hiyo ina majina, tarehe na karatasi.

Hapo ndipo penye hatari pia. Palipo na bei ya jina pana nakala. Kuuza gari lililofungwa pua ya faiba kama 240ZG halisi ni utapeli, na ni rahisi kugundulika. ZG halisi ina msimbo wa modeli HS30-H. Gari lililouzwa Marekani lina HLS30, na lile la usukani wa kulia la masoko ya nje lina HS30 bila hiyo H. Muuzaji mwaminifu huandika wazi katika hati ya mauzo: nakala, yenye sura ya ZG. Maneno hayo hayaharibu biashara. Yanamlinda muuzaji siku mnunuzi atakapokwenda kwa mwanasheria.

Anayetaka kuyapa marekebisho yake thamani afuate njia ya karatasi. Picha za bati likiwa wazi kabla ya rangi, risiti za vipuri, jina la fundi aliyechomelea, na orodha ya vifaa vya awali vilivyohifadhiwa. Faili hilo halina gharama, na mbele ya mnunuzi makini lina uzito kuliko rimu mpya.

Hali ya Afrika Mashariki

Kwa wasomaji wa hapa, kizuizi cha kwanza ni mpakani. Kenya hairuhusu kwa kawaida magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8, Uganda iliweka mpaka wa miaka 15 mwaka 2018, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari makuukuu. Anayefikiria kuleta gari la mwaka 1972 apate kwanza jibu la maandishi kutoka mamlaka ya kodi na wakala wa forodha, kabla ya kutuma hata dola moja ng'ambo. Gari lililopo nchini tayari, lenye kadi na historia ya usajili, linaanza likiwa na faida hiyo.

Upande wa injini tuna nafuu. Familia ya injini za L ilitumika katika magari mengi ya Nissan. L28 yenyewe ilifungwa hata katika Nissan Patrol za miaka ya 1980, kwa hiyo mafundi wa petroli wenye umri mkubwa wanaijua, na vipuri vyake havijawa hadithi.

Lakini je, sura ya uwanja wa mbio ndiyo inayofaa hapa? Gari lililoshushwa mpaka sentimita chache kutoka ardhini halitavuka matuta ya barabara zetu bila kuacha pua. Sura yenye mizizi hapa ni ya Safari: gari lililoinuliwa, taa kubwa mbele, bamba la chuma la kulinda injini, na rangi nyekundu yenye boneti nyeusi kama ile ya 1971, nyeusi ili jua lisimwakie dereva machoni. Mwigo huo hauhitaji kukata mafenda ya nyuma. Karibu wote ni wa bolti. Tangu 2003 mashindano ya East African Safari Classic yameendelea kuwaleta wapenzi wa magari ya zamani kutoka nje, wengi wao wakiwa watu wanaojua jina la Datsun lina maana gani katika njia hizi. Kwa mnunuzi wa namna hiyo, gari lenye sura ya Safari, lililopo Nairobi au Arusha, lina maelezo yanayoeleweka.

Ushauri kwa mwenye mtaji mdogo

Likipatikana gari kamili, lenye injini yake na namba zinazolingana na kibao, lisikatwe. Lisafishwe, litengenezwe breki, litunziwe karatasi, liuzwe au liwekwe kama lilivyo. Kila linalokatwa huko nje linaongeza uhaba wa hilo lisilokatwa.

Likipatikana gari ambalo injini yake ilikwisha kupotea na robo za nyuma zilikwisha kuoza, hilo ndilo la kupewa sura ya mbio. Hapo grainda haiharibu thamani, kwa kuwa ilikwisha kuondoka zamani. Bei ya kununulia lazima ionyeshe hivyo.

Fedha itengwe kwa utaratibu huu: kutu, kisha breki na usukani, kisha injini, kisha rangi, na sura mwisho. Gari linaloonekana kama la mbio huendeshwa kama la mbio na atakayelinunua. Likiwa na breki za mwaka 1971 zilizochoka, muuzaji amemkabidhi mtu hatari iliyopakwa rangi nzuri.

Na kabla ya fundi kuwasha grainda kwenye fenda ya nyuma, mwenye gari aandike katika karatasi bei anayotarajia kuuza gari likiwa limekatwa, na bei anayotarajia likiwa zima. Kama hawezi kutaja mnunuzi wa aina gani atakayelipa ile ya kwanza, grainda irudi stoo.